Mwanya Ule Kaufungua Nani? Mwongozo Kamili wa Kumpima Raningibeki wa Chuo Kabla ya Drafti ya NFL

Aprili 2012, kwenye drafti ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, Cleveland Browns waliwapa Minnesota chaguo kadhaa za raundi za chini ili wapande nafasi moja tu, kutoka ya nne hadi ya tatu, wasije wakamkosa Trent Richardson, raningibeki wa chuo cha Alabama. Siku mbili baadaye, majina 172 yakiwa yameshaitwa, Washington wakamchukua Alfred Morris wa Florida Atlantic. Msimu huo huo Morris alikimbia yadi 1,613. Richardson alipata 950, wastani wa yadi 3.6 kila alipokimbia na mpira, na ilipofika Septemba ya mwaka uliofuata Browns walikuwa wameshamhamishia Indianapolis. Hadi anatoka kwenye ligi wastani wake wote ulikuwa yadi 3.3.

Wengi walimwita galasa wakaishia hapo. Mimi nadhani kosa lilikuwa la waliomtazama. Pale Alabama alikimbia nyuma ya Chance Warmack na D.J. Fluker, wazuiaji ambao mwaka 2013 walichaguliwa wa 10 na wa 11, wamefuatana kama pete na kidole. Ukiwa na watu wa namna hiyo mbele yako, mlango unakuta uko wazi kabla hujabisha hodi. Kazi ya kumpima kijana wa nafasi hii karibu yote ni kutenganisha yadi alizopewa na yadi alizozitafuta mwenyewe. Ndiyo kazi nitakayokuelekeza hapa, kwa namna ninavyoifanya mimi kila msimu, na daftari la kurasa 200 lenye madoa ya chai.

Kwanza tuelewane maneno. Drafti ninayoisema si ile ya vizibo vya soda pale barazani. Ni zoezi la mwishoni mwa Aprili ambapo timu 32 za NFL huchagua vijana kwa zamu, raundi saba ndani ya siku tatu. Na neno beki lisikupoteze: raningibeki hakabi mtu. Anasimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, anakabidhiwa mpira mkononi, kisha anajipenyeza katikati ya watu wenye kilo 140.

Hatua ya 1: Ijue kalenda, na jedwali la vipimo liache mwisho

Msimu wa vyuo huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha Januari. Kijana anaruhusiwa kuingia drafti ikiwa imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari, ndiyo maana wengi huondoka chuoni kabla ya kumaliza. Baada ya mechi za mwisho huja Senior Bowl, kule Mobile, Alabama, ambako vijana, wengi wao wanaohitimu, hufanya mazoezi wiki nzima mbele ya maskauti. Kisha kambi ya vipimo ya Indianapolis kati ya mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, halafu siku za vipimo kwenye vyuo vyenyewe. Raundi ya kwanza ya drafti huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York. Kwetu Dar na Nairobi ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo kahawa iandae mapema.

Mimi mwaka 2022 nilianza na jedwali la Indianapolis. Nikaona Kyren Williams wa Notre Dame ana ratili 194 (kilo 88) na kakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.65, muda wa kawaida mno kwa mtu mwembamba kiasi hicho. Nikapiga mstari mwekundu juu ya jina lake bila kutazama hata mechi moja. Rams walimchukua raundi ya tano, wa 164. Mwaka 2023 alikimbia yadi 1,144 katika mechi 12, uliofuata 1,299. Tangu hapo jedwali hilo silifungui mpaka nimemaliza kutazama mechi.

Hatua ya 2: Chagua mechi nne, wala si video za muziki

Video ya dakika nne yenye muziki inakuonyesha mara kumi na tano alizofanikiwa, haikuonyeshi mara mia mbili nyingine. Tafuta mechi nzima. Mimi huchagua nne: moja dhidi ya ulinzi mkali kuliko wote waliokutana nao, moja waliyofungwa, moja ya mwishoni mwa msimu mwili ukiwa umechoka, na moja ya kawaida kabisa dhidi ya timu ya saizi yao.

Ashton Jeanty wa Boise State ni mfano mzuri wa kwa nini mechi moja haitoshi. Mwaka 2024 alikimbia yadi 2,601, akabakiza 27 tu kuifikia rekodi ya vyuo ya msimu mmoja ya Barry Sanders ya 1988. Ila Sanders aliweka rekodi hiyo kwa mechi 11, Jeanty alicheza 14, na Boise State haichezi kwenye ligi ya wakubwa. Wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza. Jibu likatafutwe kwenye mechi mbili. Septemba, dhidi ya Oregon waliokuja kumaliza msimu wa kawaida bila kufungwa, alibeba mpira mara 25 akapata yadi 192 na tachidauni tatu, yaani mara tatu aliuvusha mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani. Mwisho wa msimu dhidi ya Penn State alibeba mara 30 akapata 104. Anayemtaka ataishika mechi ya kwanza, asiyemtaka ya pili. Wewe zitazame zote, na ile ya Penn State itazame polepole zaidi, uone zile yadi 104 zilipatikanaje palipokuwa hakuna nafasi. Raiders walimchukua wa sita, 2025.

Na kitu kidogo ambacho huwachanganya wanaopenda namba. Ukitaka kujua safu ya mbele ya chuo fulani ni imara kiasi gani kwa kuangalia yadi za timu nzima, kumbuka kwamba kwenye takwimu za vyuo kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari yadi hizo hukatwa kwenye jumla ya kukimbia. NFL huzikata kwenye pasi. Ukilinganisha bila kujua hilo, utavilaumu vyuo kwa deni ambalo si la wakimbiaji.

Hatua ya 3: Daftari lenye safu tano

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi huchoka.

Chora safu tano. Ya kwanza ni hali: dauni ya ngapi (timu hupewa majaribio manne, yaani dauni nne, ya kusogea yadi kumi), zimebaki yadi ngapi. Ya pili ni mwanya, unaupa alama 0, 1 au 2. Sifuri ni pale alipopokea mpira akakuta mlinzi ameshaingia chumbani. Moja ni mwanya wa kupita kiubavu. Mbili ni ule ambao hata mimi na kitambi changu ningepata yadi nne. Safu ya tatu ni mahali alipoguswa mara ya kwanza, ya nne ni yadi alizopata baada ya kuguswa, ya tano ni walinzi aliowapiga chenga au kuwang'oa.

Kuguswa nako kuna tafsiri. Vidole vikipita kwenye jezi, hilo usilihesabu. Mimi huhesabu pale mlinzi alipoweka bega, au mikono miwili, au alipomshika nguo ikavutika. Amua kanuni yako na usiibadilishe katikati, maana ukimpenda kijana utajikuta unamhurumia.

Sasa tuseme tuna vijana wawili, wa kufikirika. Wa kwanza kabeba mara 20, yadi 124, wastani 6.2. Kati ya hizo, 86 zilipatikana kabla hajaguswa na 38 baadaye, yaani chini kidogo ya yadi mbili kwa kila mbio. Ukirudi kwenye daftari unakuta mbio moja ya yadi 58 ambayo hakuguswa na mtu, mwanya alama 2. Iondoe hiyo: mbio 19, yadi 66, wastani unashuka hadi 3.5. Wa pili kabeba mara 20 pia, yadi 81, wastani 4 na kitu. Kabla ya kuguswa 22 tu. Baada ya kuguswa 59, karibu yadi tatu kila mara, na mianya kumi na moja ilikuwa sifuri.

Mpwa wangu, ambaye hunisaidia kurudisha video nyuma, aliwahi kuniuliza, "Lakini mjomba, huyo wa kwanza si ndiye aliyeshinda mechi?" Kweli, inawezekana timu yake ilishinda. Ila siku akienda kwenye timu yenye safu mbovu, na timu zinazochagua mapema mara nyingi ndizo mbovu, zile 86 hazitamfuata. Zile 59 za mwenzake zina nafasi kubwa ya kusafiri naye.

Usiipuuze mbio ya yadi 58 moja kwa moja, lakini. Wapo wanaopata mwanya wa alama 2 na bado wakakamatwa kwenye yadi 20 kwa kukosa kasi ya kuumalizia. Kuupata mwanya mkubwa na kuugeuza tachidauni ni kipaji chake. Ninachokataa ni kukiacha kipaji hicho kifiche mbio nyingine 19.

Ongeza alama moja pembeni: je, mbio ilifaa? Kanuni inayotumika sana ni hii: dauni ya kwanza apate angalau asilimia 40 ya yadi zinazotakiwa, ya pili asilimia 60, ya tatu na ya nne zote. Yadi tatu kwenye dauni ya tatu zikiwa zimebaki mbili ni kazi nzuri. Yadi tatu zile zile kwenye ya kwanza zikiwa zimebaki kumi ni kuirudisha timu nyuma.

Hatua ya 4: Jicho, na miguu inayolitii jicho

Chukua mbio moja ya zoni ya nje kuelekea kulia. Wazuiaji watano wanapiga hatua ya pembeni kwa pamoja, kama watu wanaosogeza kabati zito. Raningibeki anapokea mpira akielekea mgongoni mwa mzuiaji wa mwisho wa kulia. Simamisha picha hapo. Ana njia tatu tu: kuzunguka nje, kupenya mbele yake, au kukata kurudi nyuma ya mgongo wa senta, mzuiaji wa katikati. Angalia kofia yake imeelekea wapi. Mzuri anamsoma mlinzi wa nje kwanza. Akiona bega la mlinzi limetoka nje, macho yanahamia kwa anayefuata ndani. Kisha mguu wa nje unakanyaga mara moja, na anaondoka. Kanyago moja. Anayekanyaga mara tatu mahali pamoja anapendeza kwenye video, lakini kila kanyago ni nafasi kwa lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi, kufika.

Irudie mbio hiyo hiyo mara tano au sita, kila mara ukimtazama mtu mwingine. Mara ya kwanza mtazame kijana, mara ya pili senta, mara ya tatu lainibeka wa upande wa pili. Utashangaa mara ngapi mwanya ulikuwepo kushoto na yeye kaenda kulia kwa sababu ndiko alikoambiwa kwenye karatasi.

Mtindo wa gepu ni jambo jingine. Hapo mzuiaji mmoja anatoka upande wake, anavuka nyuma ya wenzake na kwenda kufungua tundu lililopangwa. Kijana anatakiwa asubiri. Akimtangulia mzuiaji anayevuka, ameharibu. Le'Veon Bell, aliyetoka Michigan State akachaguliwa wa 48 mwaka 2013, alijulikana kwa kusimama karibu kabisa nyuma ya safu akisubiri mlango ufunguke. Subira hiyo ikifanywa na asiye na mlipuko wa hatua mbili za kwanza inakuwa uzembe tu.

Andika kila mbio ilikuwa ya mtindo gani. Kijana aliyekimbia zoni asilimia 80 ya msimu usimpe alama za gepu kwa kukisia.

Kuna na uwanja wenyewe. Mistari midogo ya katikati inayoamua mpira uwekwe wapi iko mbalimbali zaidi kwenye vyuo: futi 40 kati ya mmoja na mwingine, NFL futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwa kwenye mstari wa kushoto, kijana wa chuo anabaki na takriban mita 30 za kukimbilia upande wa kulia. Mchezaji wa NFL hapati zaidi ya mita 27 na ushee. Mita tatu zinaonekana kidogo, ila walinzi wa NFL nao wana kasi zaidi. Ndiyo maana kijana ambaye yadi zake nyingi zimetoka kwenye upande mpana ninampunguzia, na namwekea alama ya kuuliza hadi nimwone akipita katikati.

Hatua ya 5: Kazi asiyopigiwa makofi

Timu nyingi hazitampanga kijana kwenye dauni ya tatu hadi zimwamini kumlinda kwotabeki. Lainibeka mwenye kilo 108 anakuja mbio, na huyu anatakiwa amtambue kabla mpira haujachezwa, ajiweke katikati ya njia yake, ampokee kwa mikono na kifua, miguu ikiwa imepanda ardhini. Kuna mambo mawili ya kuandika: alimtambua mtu sahihi? Na alimsimamisha? La kwanza ni la akili na ndilo gumu kumfundisha mtu kwa haraka. Ukimwona amemkosa mtu kabisa, anazunguka kama aliyepotelewa na mtoto sokoni, hiyo iandike kwa herufi kubwa. Anayeinamisha kichwa na kujirusha miguuni hufaulu mara moja, mara ya pili anarukwa.

Hapa ndipo ningemwona Kyren Williams kama ningetazama. Notre Dame walimwamini kwenye kazi hii, na mwili wake ni mdogo. Mazoezi ya Mobile nayo yana zoezi la mmoja kwa mmoja la raningibeki dhidi ya lainibeka. Litazame, ila ujue limempendelea lainibeka kwa sababu nafasi ni kubwa kuliko ya mechi.

Kupokea pasi ni rahisi zaidi kukadiria. Usihesabu tu mara alizopokea. Andika alipokea akifanya nini. Pasi fupi ya kuachiwa pembeni kila mtu ataipokea. Je, anaweza kutoka ubavuni, akamkimbia lainibeka kwa kona kali, akadaka kwa viganja bila kuukumbatia mpira kifuani? Alvin Kamara pale Tennessee alikabidhiwa mpira mara 210 tu kwa misimu miwili, idadi ambayo wengine huimaliza kwa msimu mmoja. Lakini pasi alizodaka zilikuwa 74. Saints walimpata wa 67 mwaka 2017, na msimu wake wa kwanza alidaka 81. Ukiwa unatafuta mtu aliyefichwa na idadi ndogo ya mbio, anzia kwenye safu hii.

Hatua ya 6: Mpira uko mkono gani?

Hii ni fupi. Anapokimbia upande wa kulia mpira uwe mkono wa kulia, mbali na walinzi, ncha imefunikwa na vidole na kiwiko kimebana mbavuni. Andika kila mara mkono ulipofunguka, hata kama mpira haukuanguka, kwa sababu kuanguka kwenyewe ni matukio machache na bahati huingia. Jonathan Taylor aliupoteza mpira mara 18 pale Wisconsin, ila mbio zake zilikuwa 926, na yadi 6,174 kwa misimu mitatu. Colts walimpata wa 41 mwaka 2020. Mwaka uliofuata aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,811. Kosa la mkono hurekebishika kuliko kosa la jicho.

Hatua ya 7: Sasa fungua jedwali la Indianapolis

Yadi 40 ni mita 36 na nusu. Muda wake peke yake hauna maana hadi uujue uzito. Mwandishi Bill Barnwell alitunga kipimo ambacho mpaka leo ndicho chepesi kukitumia: zidisha uzito wa ratili kwa 200, kisha gawa kwa muda uliopandishwa kipeo cha nne. Mia moja ni wastani. Chukua simu yako ufanye mwenyewe: Saquon Barkley, ratili 233 na sekunde 4.40, anapata 124. Taylor, 226 na 4.39, anapata karibu 122. Derrick Henry, 247 na 4.54, anapata 116. Muda ambao kwa mtu mdogo ungekuwa wa kawaida, kwa kilo 112 unatisha. De'Von Achane wa Texas A&M alikimbia 4.32, haraka kuliko wote hao, lakini kwa ratili 188 anaishia 108. Na Kyren Williams? Themanini na tatu.

Kwa hiyo kipimo kinafaa kwa nini? Mimi hukitumia kuthibitisha au kutilia shaka kile nilichoandika tayari. Kama daftari linasema kijana hakuwahi kukamatwa kwa nyuma katika mechi nne halafu anakimbia 4.60, narudi kwenye video: pengine walinzi wa ligi yake ndio wazito. Kama daftari linasema ni mzito wa hatua za kwanza, ninatazama muda wa yadi 10 za mwanzo na kuruka juu, maana mbio nyingi za NFL huishia ndani ya yadi hizo. Kunyanyua chuma cha ratili 225 mimi sikutazami.

Hatua ya 8: Mwili na kilomita ulizotembea

Sehemu kubwa ya kambi ya Indianapolis ni madaktari, na sisi wa nyumbani hatuoni mafaili yao. Tunachoweza ni kuandika historia: jeraha gani, lini, alirudi akiwa yule yule? Linganisha mechi ya kabla na ya baada.

Magoti hayafuati kanuni moja. Todd Gurley alichana kano ya goti Novemba 2014 pale Georgia, akachaguliwa wa 10 miezi michache baadaye, na 2017 akawa mchezaji bora wa ushambuliaji. Goti hilo likamrudia na mwaka 2020 Rams wakamwacha. Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia vibaya misimu miwili mfululizo, akachaguliwa raundi ya nne, akastaafu 2014 bila kucheza hata mechi moja. Jonathon Brooks wa Texas aliumia Novemba 2023, akachaguliwa, na Desemba 2024 goti lile lile likachanika tena. Halafu kuna Frank Gore, aliyeumia magoti yote mawili akiwa Miami, akachukuliwa wa 65 mwaka 2005, akastaafu na yadi 16,000, wa tatu katika historia ya ligi. Kwa hiyo jeraha moja halinifanyi nimfute mtu. Humshusha raundi moja. Goti lile lile mara mbili, nashusha mbili.

Na idadi ya mbio? Henry alibebeshwa mpira mara 395 msimu wa 2015 pale Alabama, wengi wakasema ameshatumika. Mwaka 2024, akiwa na miaka 30, alikimbia yadi 1,921. Ninaiandika idadi hiyo, ila sijawahi kuiruhusu ibadilishe alama yangu kwa zaidi ya nusu.

Hatua ya 9: Bei, na nyumba anayokwenda

Alama nzuri haimaanishi achaguliwe mapema. Mwaka 2024 hakuna raningibeki hata mmoja aliyeitwa raundi ya kwanza. Brooks alikuwa wa kwanza, nafasi ya 46. Mwaka mmoja kabla, Bijan Robinson alikuwa wa nane na Jahmyr Gibbs wa 12. Mwaka mmoja baada, Jeanty wa sita na Omarion Hampton wa 22. Timu hupiga hesabu: mkataba wa kwanza ni miaka minne, wa raundi ya kwanza wanaweza kuongezewa wa tano, na nafasi hii huchakaa mapema. Rudi 1995. Ki-Jana Carter alichaguliwa wa kwanza kabisa, akaumia goti kwenye mechi ya maandalizi kabla ya msimu. Terrell Davis alichaguliwa wa 196, akatua Denver kwa kocha Mike Shanahan aliyependa kanyago moja na kuondoka, na 1998 akakimbia yadi 2,008.

Jiulize kwanza kijana anafaa mtindo gani, kisha orodhesha timu tatu au nne zinazoucheza. Hata Morris niliyeanza naye alibebwa kidogo na Shanahan huyo huyo, na hofu ambayo miguu ya kwotabeki Robert Griffin III iliwatia walinzi. Kama unadhani nyumba haibadilishi mtu, mtazame Barkley: 2023 akiwa na Giants alipata wastani wa yadi 3.9 na jumla 962. Mwaka uliofuata, nyuma ya safu ya Eagles, wastani 5.8 na jumla 2,005. Mwili ni ule ule, daftari langu la baada ya kuguswa halikubadilika kwa kiasi hicho. Kilichobadilika ni safu ya pili, ya mwanya.

Kwa hiyo mwisho toa alama mbili. Moja ya kijana mwenyewe, ukiijenga zaidi kwenye yadi za baada ya kuguswa, jicho, na ulinzi wa kwotabeki. Ya pili ni raundi ambayo wewe ungemchukua. Ziandike kwa kalamu, weka tarehe, kabla ya Alhamisi.

Jumamosi, raundi ya saba ikiisha na kwetu ikiwa usiku wa manane, usifunge daftari. Ambao majina yao hayakuitwa huanza kupigiwa simu saa hiyo hiyo. Arian Foster alipita njia hiyo 2009, na msimu wa 2010 akaongoza ligi kwa yadi 1,616. Austin Ekeler alipita 2017, akitoka chuo kidogo milimani Colorado. Tafuta kwenye kurasa zako wale wenye mianya mingi ya sifuri na yadi tatu baada ya kuguswa, uangalie nani kawasajili na anacheza mtindo gani.